Utosi wa mtoto mchanga si tundu

Huku kwetu Lamu ukimpakata mtoto mchanga wazee watakwambia usimguse utosini, pale ni tundu, kidole kikipita kinafika kwenye ubongo. Wengi tumekua na maneno hayo na yanatoka kwenye mapenzi ya kumlinda mtoto, nayaheshimu. Ila fuvu la kichwa si mfupa mmoja kama bakuli, la mtu mzima lina mifupa 22, 8 ya kuhifadhi ubongo na 14 ya uso, na ya mtoto bado haijashikana, ndo maana kichwa hubanika kidogo wakati wa kuzaliwa na ubongo ukapata nafasi ya kukua. Pale utosini mifupa haijakutana lakini kuna ngozi na chini yake utando imara, kwa hiyo kumwosha na kumpaka mafuta taratibu hakumdhuru. Kule kudundadunda unakokuona ni mapigo ya moyo tu. Utosi wa nyuma hufunga mapema, miezi 2 hivi, wa mbele mara nyingi kati ya mwezi wa 12 na wa 18.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, subiri mtoto atulie, mshike wima, upitishe vidole polepole, utahisi kingo za mfupa na katikati pamelala sawa au pamebonyea kidogo. Pakidumbukia sana hasa akiwa anaharisha, au pakivimba na huku katulia, hasa akiwa na homa, usikae kupaka dawa za majani, mkimbize hospitali. Na siku ya chanjo muombe nesi akuonyeshe kwa mkono wake.