Mche Mkubwa wa Nyanya Si Lazima Uwe Bora

Wengi wetu tunaamini mche wa nyanya ukikaa sana kitaluni ndipo unaposhika vizuri shambani. Ndiyo maana mnunuzi huchagua ule mrefu kuliko yote, hata kama umeshatoa maua. Kumbe huo ndio wa kuuacha.

Kwenye udongo wenye joto, mbegu ya nyanya huota ndani ya siku 5 hadi 10. Kufikia wiki ya 4 hivi, mche una sentimita 10 hadi 15, shina nene kama penseli, na majani halisi 4 au 5 (yale mawili ya kwanza hayahesabiwi). Huo ndio wakati wake. Ukichelewa, mizizi hujizungusha ndani ya trei, au kama ulisia kwenye tuta, hurefuka na kukatika unapong'oa. Juu majani ni mengi yanadai maji, chini mizizi iliyobaki haiwezi kuyaleta. Mche hudumaa, na mdogo wake aliyehamishwa mapema huupita.

Uliorefuka kwa kukosa mwanga bado unaokolewa: nyanya hutoa mizizi kwenye shina, hivyo fukia shina hadi karibu na majani ya chini.

Basi siku ya kusia ihesabiwe kinyumenyume, kuanzia siku shamba litakapokuwa tayari na maji yapo. Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli kidogo kidogo, kisha hamisha jioni.