Rifleksi ya kigimbi na kusimama bila kuyumba

Simama peku, kisha shika kigimbi chako. Utahisi kinakaza, kinalegea, kinakaza tena. Uzito wa mwili ukisimama hupita mbele kidogo ya kifundo cha mguu, kwa hiyo bila kigimbi kuuvuta nyuma, mtu angeanguka kifudifudi. Kazi hiyo huubebesha zaidi msuli wa chini, soleasi, kwa kuwa nyuzi zake nyingi hazichoki upesi.

Rifleksi ya kigimbi ni mkazo unaokuja wenyewe msuli unapovutwa ghafla. Daktari akigonga kano ya Achilles, juu tu ya kisigino, vihisi vya msuli hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza hurudi bila kuusubiri ubongo. Maabara huiamsha kwa shoti ndogo ya umeme nyuma ya goti. Mkazo unaopatikana huitwa rifleksi ya H, herufi ya Paul Hoffmann, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1910.

Wengi hudhani rifleksi ikiwa kali ndipo mtu husimama imara. Sivyo. Ukilala, H huwa kubwa; ukisimama hupungua, na juu ya ubao unaotikisika hupungua zaidi. Uti wa mgongo huipunguza makusudi, maana kila kuyumba kidogo kukijibiwa kwa mkazo mkali, kifundo kitatetemeka badala ya kutulia. Mazoezi ya kusimama bila kuyumba, yakifanywa wiki kadhaa, huizima zaidi mtu anapokuwa katika mkao huo mgumu, na ubongo huchukua usukani. Kunyanyua visigino hujenga hasa nguvu. Ni mazoezi mawili tofauti, na moja halishiki nafasi ya jingine.

Anza na la kusimama: mguu mmoja, sekunde 20 hadi 30, mara 3 kila upande, vidole viwili vya mkono vikigusa ukuta tu. Ndipo unyanyue visigino: panda kwa sekunde 2, shuka kwa 3, mara 10 hadi 15, seti 3, siku 3 kwa wiki. Seti moja ifanye ukiwa umekunja magoti kidogo, maana goti likikunjwa msuli wa juu wa kigimbi hulegea na soleasi hubeba mzigo. Kosa la kawaida ni kuachia kisigino kianguke. Jingine ni kuegemea kidole kidogo cha mguu, na hapo ndipo kifundo hupinduka.

Ukigeuza mpangilio huo utayumba, kwa sababu kigimbi kilichochoka hurekebisha mwili vibaya. Mzee akimaliza seti zake akae kwanza dakika chache kabla ya kushuka ngazi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo, ambaye mara nyingi rifleksi hii huwa imeshatoweka, ashike kiti kizito kwa mikono miwili na asifumbe macho.