Mama yenu alikuwa mkulima, andikeni hivyo

Wiki iliyopita nililetewa tena karatasi ile ile. Vijana watatu, macho mekundu, mazishi kesho saa nane, wanataka niwanyooshee wasifu wa mama yao kabla haujasomwa kanisani. Baba yao, aliyetangulia zamani, ameandikwa "mkulima hodari wa pamba." Mstari unaofuata: "Marehemu hakuwa na kazi, alikuwa mama wa nyumbani."

Wafiwa hawagombezwi, najua. Ila nimeurekebisha mstari huo mara nyingi mno, nikashindwa kunyamaza. Pamba hiyo nani aliipalilia? Wakatazamana. "Mama." Nani aliichuma, akakaa barazani kutenga safi na yenye madoa? "Mama." Baba alifunga gunia kwenye baiskeli, akalipeleka kwenye ghala la ushirika, na stakabadhi ikatoka kwa jina lake. Karatasi ndiyo iliyomfanya yeye mkulima na mkewe kuwa mtu asiye na kazi.

Wala si huku kwetu mkoani Mara, Tanzania, tu. Nimesoma tanzia nyingi za akina mama wa mashambani wa kanisa letu la Mennonite kule Lancaster, Pennsylvania, walikotoka wamisionari Elam na Elizabeth Stauffer waliofika Shirati, huku Mara, mwaka 1934. Binti wa fulani, mke wa fulani, alijiunga na kanisa angali kijana, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Ng'ombe aliowakamua kila alfajiri hawamo. Hata makarani wa sensa ya Marekani ya mwaka 1870 waliagizwa kumwandika mwanamke wa namna hiyo kuwa "anatunza nyumba."

Mwaka wa kuzaliwa usiwachoshe. Ulizeni alikuwa na umri gani ziwa lilipopanda baada ya mvua za 1961, au watu walipohamishiwa vijijini mwaka 1974, kisha hesabuni kurudi nyuma.

Ubatizo ndio wa kukaa nao. Sisi Wamennonite hatubatizi watoto wachanga. Waanabaptisti, waliotutangulia katika imani hii huko Ulaya, walifukuzwa na kuuawa kwa jambo hilo tangu 1525. Kwa hiyo tarehe ya ubatizo ni tarehe ya uamuzi wa mtu mwenyewe. Vijana walikuwa wameandika "wazazi wetu walibatizwa." Nikaomba kadi. Mama alitangulia kwa miaka minne. Miaka minne alitembea peke yake Jumapili hadi kanisani, mtoto mgongoni, na jioni akarudi kumpikia mume ambaye hakutaka kusikia habari hizo. Mkiandika "walibatizwa," mnaifuta miaka hiyo yote.

Kisha watoto. "Ameacha watoto 6." Sawa, hao ndio waliobaki. Alizaa 9, akalea 11, maana wawili walikuwa wa mdogo wake aliyefariki. Namba zote tatu ni za kweli na kila moja ina habari yake. Lakini je, majina ya wale watatu waliokufa wadogo yasomwe? Mpaka leo sina jibu moja. Niliwahi kuyasoma, nikamwona mzee mmoja akiinuka na kutoka nje. Mahali pengine niliyaruka, na dada wa marehemu akanifuata kaburini kuniuliza kwa nini nimewazika mara ya pili. Siku hizi nauliza kwanza, na bado nasita.

Tulimaliza usiku. Tukaandika: mkulima wa pamba, mtama na mihogo kwa zaidi ya miaka 50. Kijana mdogo akakumbuka jembe lililochomekwa darini jikoni, limelika hadi kubaki upana wa kiganja, mpini wake umeng'aa pale mikono ilipokuwa inashika.

Kesho yake nilipofika kwenye neno "mkulima," wifi wa marehemu, bibi kizee wa mstari wa mbele, akainua mkono, akasema kwa sauti: "Ongeza, mwalimu. Na shamba langu alilipalilia yeye, mwaka ule nilipojifungua mapacha."

Nikachukua kalamu pale pale, nikaongeza.