Ukilipa deni la zamani: yanayosemwa mtaani na yalivyo kweli

Wakopaji wengi wa Dar es Salaam, kuanzia wenye maduka Kariakoo hadi watumishi wa Mbagala, huamini kwamba siku deni la zamani linapolipwa ndipo jina "linaposafishwa", na mkopaji hurudi kuwa sawa na mtu ambaye hajawahi kuchelewesha rejesho. Dhana hii huwaumiza watu kuliko nyingine zote.

Kwa mujibu wa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, mabenki hupeleka taarifa za wakopaji wao kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu za mikopo, na kampuni zenye leseni ya kutoa ripoti za wakopaji, mfano Creditinfo, huzitumia kuandaa ripoti ambayo mkopeshaji huisoma kabla ya kutoa mkopo. Ripoti hiyo haisemi tu kwamba fulani anadaiwa au hadaiwi. Inaonesha mkopo ulichukuliwa lini, salio ni kiasi gani, marejesho yalichelewa kwa muda gani na mkopo uko katika hali gani. Ukilipa, salio na hali ya mkopo hubadilika, lakini historia ya kuchelewa haifutiki siku hiyo. Hata hivyo, mkopeshaji anayeona deni la zamani limefungwa humtazama mwombaji kwa jicho tofauti kabisa na anapoona deni lililo wazi, kwa hiyo wanaosema hakuna faida ya kulipa kitu cha zamani nao wanakosea.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba anayepaswa kupeleka marekebisho ni yule aliyekukopesha. Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitenge Kariakoo, ambaye ameomba mkopo wa shilingi milioni 15 akakataliwa kwa sababu ya mkopo wa simu wa shilingi 80,000 aliokwisha kuulipa, lakini ambao bado unasomeka kuwa haujalipwa. Ujumbe wa muamala uliofutika pamoja na simu ya zamani hautamsaidia. Kitakachomsaidia ni barua ya kumaliza deni, yenye namba ya mkopo, tarehe na kiasi kilicholipwa, maneno yanayosema wazi kwamba salio ni sifuri, pamoja na sahihi na muhuri. Barua hiyo iombwe mara tu malipo yanapokamilika, wakati kumbukumbu bado ziko mezani na ofisa aliyeshughulikia mkopo bado yupo.

Mfano huo unajibu pia wanaosema kwamba mikopo midogo ya simu haihesabiki. Kubadilisha laini hakusaidii, kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na namba hiyo hiyo ndiyo utakayoitoa utakapokwenda benki.

Wapo wanaosubiri deni "life" baada ya miaka 6. Ni kweli kwamba Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inaweka miaka 6 ya kufungua shauri la madai yanayotokana na mkataba, lakini ukomo huo unahusu kwenda mahakamani. Haugeuzi mkopo ambao haukulipwa kuwa mkopo uliolipwa. Tena, ukilipa sehemu ya deni au ukilikiri kwa maandishi yenye sahihi yako kabla muda haujaisha, miaka huanza kuhesabiwa upya.

Kuhusu punguzo, wakopeshaji wengi hukubali kusamehe sehemu ya riba au faini ili deni la siku nyingi lifungwe, na kwa maoni yangu ni nafasi nzuri, mradi makubaliano yaandikwe kabla fedha hazijatoka mfukoni. Yakibaki ya mdomo, kiasi kilichosamehewa kinaweza kuendelea kusomeka kama salio. Wahitimu wanaoikimbia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa kuogopa adhabu ya asilimia 10 na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wajue kwamba zote mbili zilifutwa mwaka 2021, hivyo waombe taarifa mpya ya deni badala ya kukadiria kwa hesabu za zamani.

Mwisho ni vishoka wanaotoza fedha wakidai wana mtu wa kufuta jina. Taarifa iliyo sahihi haifutwi kwa malipo ya pembeni, na iliyo na makosa unayo haki ya kuipinga mwenyewe. Omba ripoti yako, onesha mstari wenye kosa, ambatisha nakala ya barua ya kumaliza deni huku ukibaki na halisi, kisha upeleke malalamiko kwa aliyekukopesha na kwa kampuni iliyotoa ripoti. Mkopeshaji asipokujibu, unaweza kulifikisha lalamiko Benki Kuu, ukiambatisha nakala yenye muhuri inayothibitisha kwamba barua yako ya kwanza ilipokelewa.