Asilimia Nane Tu: Dhana Potofu za Wanaotaka Kununua Fransaizi

Mwezi uliopita mzee mmoja mfanyabiashara wa Sakina, hapa Arusha, aliniwekea mezani mkataba wa fransaizi ya kuku wa kukaanga, yaani wa kuendesha mgahawa kwa jina na utaratibu wa kampuni nyingine kwa malipo, akaniambia kwa furaha, "Mwanangu, hawa wanachukua asilimia nane tu, tisini na mbili ni zangu." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno katika kazi yangu ya uhasibu, na kila mara hunilazimu kuchukua kalamu upya.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii, kwamba mrabaha, yaani malipo anayodai mwenye jina, ni mgawo mdogo wa faida. Ukweli ni kwamba katika mikataba mingi ya fransaizi mrabaha hukokotolewa kwenye mauzo, si kwenye faida. Hata McDonald's, kwa migahawa mipya ya Marekani tangu mwaka 2024, hutoza asilimia 5 ya mauzo, mbali na pango la jengo. Tuchukue mgahawa wa mjini Arusha ambao mwezi Julai, watalii wakiwa wengi, unauza shilingi milioni 20, VAT ikiwa imeshaondolewa. Malighafi zinakula milioni 8, mishahara milioni 4, pango milioni 2, na umeme, gesi na mengineyo milioni 1.1, hivyo zinabaki milioni 4.9. Mrabaha wa asilimia 6 pamoja na asilimia 2 ya mfuko wa matangazo ni milioni 1.6, yaani karibu theluthi nzima ya kilichobaki. Hiyo ndiyo "nane tu" ya mzee wangu.

Sasa twende Aprili, masika yamekolea na magari ya safari yameegeshwa. Mauzo yanashuka hadi milioni 11 na malighafi hadi milioni 4.4, lakini mishahara na pango havijui mvua, na umeme na gesi bado ni laki 9. Umeshapata hasara ya laki 3 kabla mwenye jina hajadai chochote, naye anadai 880,000, kwa sababu mkataba haumuulizi kama umepata faida. Ikiwa mwenye jina yuko nje ya nchi na mkataba unataka alipwe kiasi kamili bila makato, kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini, ya asilimia 15 kwenye mrabaha itakuangukia wewe. Kifungu hicho kwa kawaida huwa kifupi, na ndicho ninachokitafuta kwanza.

Wengine husema kwamba sheria itawalinda. Nchini Marekani muuzaji analazimika kumpa mnunuzi hati ya maelezo siku 14 kabla hajasaini wala kulipa. Tanzania haina sheria mahususi ya fransaizi, hivyo maelezo hayo utayadai mwenyewe, na kama alama ya biashara imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, utaulizia mwenyewe. Usajili huo ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina wake.

Wapo pia wanaoamini kwamba wamenunua biashara. Umekodi jina na utaratibu kwa muda uliotajwa, basi.

Dhana kwamba fransaizi humfaa zaidi mtu mbunifu hunishangaza. Mama mmoja wa Moshi, mpishi hodari, alitaka kuongeza mtori kwenye orodha ya vyakula, kwa hoja kwamba wateja wake wangeutaka kila asubuhi, na sina shaka alikuwa sahihi. Mkataba ulikataza chakula chochote kisichotoka kwa mwenye jina. Nilimshauri asisaini, kwani mtu wa namna yake angeuvunja ndani ya wiki mbili.

Mzee wa Sakina nimemwomba arudi na hesabu za Aprili na Mei za tawi lolote linalofanya kazi sasa, pamoja na ruhusa ya kuzungumza na mwenye tawi faraghani. Muuzaji akimnyima hayo mawili, ada ya kuingia kwenye fransaizi ibaki benki.