Je, kutia maji kwenye kopo la mkojo kunaweza kumfunga askari kuliko bangi yenyewe?

Ukinyolewa Kahawa West, karibu na kambi, hukosi hadithi za jeshi. Juzi zilifika hadi Marekani, kwa vijana wanaopimwa mkojo kusakwa dawa za kulevya. Mzee mmoja akauliza: "Kijana kavuta bangi, kisha katia maji ya mfereji kwenye kopo. Si kosa ni lile lile?"

Hapana, mzee. Ni mawili, na la pili ndilo zito. Katika mwongozo wa mahakama za kijeshi za Marekani wa 2019, kuvuta bangi kulikuwa na kifungo kisichozidi miaka 2. Kupotosha mkondo wa haki, kifungu cha 131b, miaka 5.

Vipimo hivi vilitiliwa mkazo baada ya ndege kuanguka kwenye sitaha ya meli ya kivita Nimitz, 26 Mei 1981. Watu 14 walikufa, na baadhi ya mabaharia waliokufa walikutwa na bangi mwilini. Siku hizi askari huitwa ghafla, akakojoa huku mtu wa jinsia yake akitazama mkojo unavyotoka hadi unavyoingia koponi. (Kwa wengi wetu, hapo peke yake pangetosha kukausha kibofu.) Kopo hutiwa lakiri, na kila linapobadilisha mikono lazima iandikwe.

Lakini kuchezea kopo hakutoshi kumtia mtu hatiani kwa 131b. Mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwamba mshtakiwa alikuwa na sababu ya kuamini kuna kesi, ya jinai au ya nidhamu, au kwamba itakuwepo, na kwamba alikusudia kuivuruga. Hapo ndipo mawakili wa utetezi hung'ang'ania: ukaguzi wa kushtukiza haumshuku mtu yeyote, sasa kesi iliyovurugwa iko wapi? Upande wa pili hushika neno "itakuwepo". Aliyevuta juzi anajua matokeo yatampeleka wapi, hata kama hati ya mashtaka haijaandikwa. Na kesi si lazima iwe yake: anayemkopesha mwenzake mkojo safi naye anaweza kushtakiwa.

Kwa wanariadha wetu mambo ni mepesi kueleza. Kanuni za dunia za kupambana na dawa za kusisimua misuli huhesabu kuchezea kipimo kuwa kosa kamili, bila kusubiri mahakama yoyote, na adhabu yake ya kawaida ni kufungiwa miaka 4.

Mzee akanyamaza, wembe ukipita kisogoni. "Na maji yakifanya kazi, bangi isionekane?"

Basi shtaka la bangi linaweza kukosa ushahidi. Linabaki la kopo, na shahidi wake ni yule aliyesimama chooni.