Betri "iliyokufa" haijafa, na mengine ninayoambiwa kila siku Kibirizi

Juzi mama mmoja anayeanika dagaa alinijia na sufuria mkononi. Hakuja kwa habari ya betri wala sola. Alitaka kujua kama sufuria ile inaweza kurudi jikoni, maana mwanawe alikuwa ameyeyushia humo risasi, ile metali ya ndani ya betri, ili atengeneze risasi za wavu, yaani vizito vya kuuzamishia, na yeye nafsi ilikuwa inamsuta. Nikamwambia, mama, hiyo hairudi. Kijana alikuwa amesimama nyuma yake, akacheka: "Fundi naye! Betri yenyewe ilikufa tangu mwaka jana."

Nina mwaka wa kumi na nne nikiuza na kuchaji betri karibu na mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Sentensi hiyo nimeambiwa na wavuvi, na wenye bajaji, na mwenye gesti aliyekuwa na betri nne chini ya ngazi, na hata mwalimu mmoja wa sayansi. Leo naijibu kwa maandishi ili atakayekuja kunirudishia tena nimwoneshe simu asome mwenyewe.

Kinachotuponza ni hilo neno kufa. Tunasema betri imekufa, kisha tunaichukulia kama mzoga: ukioza, ukaliwa na funza, habari yake imekwisha. Betri haiozi. Ndani ya betri ya volti 12 mna seli sita, na kila seli ina sahani zilizopangwa kama kurasa za daftari, zimezama kwenye asidi. Ikiwa imejaa, upande mmoja wa sahani ni risasi tupu na upande wa pili ni oksidi ya risasi. Ukiwasha taa zako usiku kucha ziwani, sahani za pande zote mbili zinageuka taratibu kuwa salfeti ya risasi, na asidi inazidi kuwa nyepesi. Ndiyo maana haidromita yangu, kile kipimo cha uzito wa asidi, husoma 1.26 au 1.28 kwenye betri iliyojaa, na 1.1 na kitu kwenye iliyoishiwa. Ukichaji, salfeti inarudi kuwa risasi. Siku ikikataa kurudi, ikaganda ngumu kwenye sahani au ikamomonyoka na kujaa chini ya seli, tunasema betri imekufa.

Sasa niambie, risasi imekwenda wapi? Haijaenda popote. Betri ya saizi ya N70 ina uzito wa kilo 18 hivi, na zaidi ya nusu yake ni risasi. Uliyoibeba kutoka dukani ndiyo hiyo hiyo unayoitupa nyuma ya banda la kuanikia. Tena ya zamani ni mbaya kuliko mpya, kwa sababu kwenye mpya risasi imeshikamana na sahani na sanduku limefungwa, lakini kwenye iliyochoka imeshakuwa unga. Ukiipasua kwa shoka, kama nionavyo watu wakifanya, unga huo unakauka, unapeperuka, unakaa kwenye mchanga. Na kwenye mchanga ndiko watoto wanakocheza.

Mwaka 2024 ndio niliouchukia zaidi. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mitumbwi ikapandishwa, na betri zikawekwa pembeni kama zilivyotoka kazini, yaani zikiwa tupu. Betri ya asidi ikilala tupu miezi mitatu, salfeti inaganda. Niliwaambia mapema wazilete nizichaji mara moja kwa mwezi, bei ya kawaida, wakaniona natafuta kula yangu wakati wa njaa. Ziwa lilipofunguliwa, wengi walikuja na betri zisizopokea chaji kabisa. Zile nilizozikataa kuzifufua (watu wanadhani kuna dawa ya kufufua) nilizikuta baadaye kwenye mtaro na kwenye dampo la mtaani, nyingine zimeshapasuliwa.

Kwa nini napiga kelele? Kwa sababu mwili wa binadamu unaipokea risasi kama vile ni kalsiamu, unaiweka kwenye mifupa, na inakaa humo miaka. Mtoto mdogo anafyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima akimeza kiasi hicho hicho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Mtoto hapati homa wala upele ambao ungewashtua. Anapungukiwa damu, tumbo linamsokota, anachelewa kuelewa darasani. Nyumbani watasema minyoo, mwalimu atasema mzembe. Hakuna atakayeitaja betri.

Anayedhani natia chumvi na aulize habari za Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar kule Senegal. Watu wa pale walikuwa wanapasua betri za magari na kuchekecha mchanga ili wapate vipande vya risasi vya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Karibu nasi zaidi kuna Owino Uhuru, Mombasa, ambako mtaa mzima uliingiwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri zote hizo zilikuwa "zimekufa".

Turudi kwenye sufuria. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, na jiko la mkaa linazifikia bila taabu. Inapoyeyuka inatoa moshi na vumbi ambavyo havionekani vyote kwa macho, na kinachobaki kwenye kuta za sufuria hakitoki kwa mchanga wala steliwaya. Sufuria ile niliichukua, nikaitoboa kitako kwa msumari mbele yao, nikamchangia mama nusu ya bei ya nyingine. Kijana alinuna.

Jibu la pili ninalopewa, hasa na wazee, ni hili: "Ziwa hili lina kina, litameza." Ni kweli Tanganyika ina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kuliko pote, na duniani imezidiwa na Baikal peke yake. Lakini mzee wangu, wewe betri hukuitupia huko. Uliitupa hatua kumi kutoka ulipofunga mtumbwi, kwenye maji ya kiunoni, ambako kinamama wanachota na watoto wanaoga. Halafu ziwa hili karibu halina pa kutokea: mto unaotoka ni Lukuga tu, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji hupotea kwa kugeuka mvuke juani. Mvuke hauibebi risasi. Maji yanaondoka, uchafu unabaki na sisi, pamoja na Warundi, Wakongo na Wazambia tunaochangia nao ziwa.

Mengine nitayapitia haraka, maana hayaniumizi kichwa kama hayo mawili.

"Mimi yangu ni betri kavu, haina asidi." Inayo. Imenyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo au imefanywa kama jeli, ndiyo maana haimwagiki. Risasi iko pale pale.

"Nikishika betri nakunywa maziwa." Wachomeleaji na wapaka rangi nao husema hivyo. Mtu anayekula vizuri, mwenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha, hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Hilo ni kweli. Lakini maziwa hayaitoi iliyokwisha kuingia. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na shati la kazi lisiingie kitandani. Maziwa kunywa kwa sababu ni matamu.

"Betri za tochi zikitupwa chooni zinapunguza kinyesi." Sijui nani aliwaletea hii Ujiji, lakini imeenea, na wengine humimina na maji ya betri ya gari kabisa. Kinyesi kinapunguzwa na wadudu wadogo wanaokila, na asidi inawaua hao hao. Unabaki na choo kinachojaa upesi zaidi na metali zinazoshuka taratibu kuelekea kisima cha jirani. Pia ule unga mweusi wa betri za redio, acheni kupakia kuta na mbao.

"Nimempa kijana wa skrepa, mimi nimemaliza." Hujamaliza. Wanunuzi wengi hawataki kulipia uzito wa maji, kwa hiyo kijana huigeuza betri kichwa chini mtaroni kabla hajafika kwenye mizani. Asidi ile inatoka na risasi ndani yake. Ukitaka kumpa, mwulize kwanza anampelekea nani na kama huyo ana kibali. Akikujibu "we bosi nipe tu", irudishe ndani.

"Dumu la dawa ya shamba nimelisuuza, naweka mawese." Hili si la betri, ila naliona sana sokoni na siwezi kulinyamazia. Dawa nyingi za wadudu zinapenda mafuta kuliko maji. Unasuuza kwa maji, dawa inabaki kwenye plastiki; unatia mawese, mawese yanaivuta nje. Kusuuza mara tatu kunafaa, ila maji ya kusuuzia yanarudi kwenye pampu ya kupulizia, kisha dumu linatobolewa lisitumike tena kwa kitu chochote.

"Tutachoma." Risasi haiungui. Kwa plastiki, ukiichomea uani kwa moto mdogo unazalisha sumu nyingine ambazo hazikuwamo.

Nije kwenye sheria, maana hapa ndipo watu wananishangaza. Ukiwauliza serikali imekataza nini, wote watataja mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019, na faini ya kuanzia shilingi 30,000 kwa anayekutwa nao. Wanadhani imeishia hapo. Tangu 2004 tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na chini yake kuna kanuni za 2021 za taka hatarishi na nyingine za mwaka huo huo za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki. Betri ya asidi ni taka hatarishi. Kuikusanya, kuihifadhi na kuisafirisha kunataka kibali, na kukipata unapitia NEMC, chombo cha serikali cha mazingira. Taka hatarishi haichanganywi na maganda ya ndizi, hata kama gari la taka litaibeba bila kuuliza. Zile taa ndefu na enaji seva zina zebaki, miligramu chache kwa kila moja, nazo zisivunjiwe jalalani.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kuiga wazungu. Sawa, basi tuige na lile lililo jema. Massachusetts, Marekani, betri za asidi zimekatazwa kutupwa na taka tangu 1990, na California ikaongeza hadi vibetri vya tochi mwaka 2006. Kilichofanya katazo lishike kwa betri za magari ni duka. Katika majimbo mengi ya kule anayekuuzia mpya anatakiwa kupokea ya zamani, na usipoirudisha unalipa zaidi. Nami kibandani kwangu nafanya hivyo: ukija na mzoga wako nakupunguzia, ukija mikono mitupu unalipa bei kamili, hata ukiwa shemeji yangu. Wateja wanaguna. Wagune.

Wale wanaosema "mnatukataza kutupa bila kutuambia tupeleke wapi", hao siwabishii. Reli kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na mnunuzi mwenye kibali hatumi gari kwa betri kumi. Mimi nazikusanya zifike mzigo wa maana, na nimewahi kukaa nazo miezi minane. Zinakaa wima, kwenye beseni za plastiki, juu ya sakafu ya saruji, chini ya bati, na vichwa nimevifunika kwa mpira wa tairi visigusane. Pembeni kuna ndoo ya magadi. Asidi ikimwagika naitupia magadi hadi iache kutoa povu. Kwenye ngozi ni maji mengi tu, dakika kumi na tano na zaidi, magadi hapana. Aliye mbali na kwangu anaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani, mahali ambapo mtoto na kuku hawafiki. Ukija kwa bodaboda, betri ikae wima. Mwezi uliopita mmoja aliilaza juu ya tangi akafika suruali imebaki kamba.

Yule kijana alirudi jana, kununa kumeisha, kaja na swali la maana: zile risasi za wavu alizokwisha kutengeneza azitupe? Nikamwambia azitumie, asitengeneze nyingine, na akimaliza kushika wavu anawe. Na anapozibana kwenye kamba atumie koleo. Akatoa macho. Kumbe huwa anazibana kwa meno.